Kidole cha Shahada

Mjomba aliniuliza swali lake Kaole, siku ambayo tulikwenda kule kwa jambo jingine kabisa. Alikuwa na wageni kutoka Morogoro waliotaka kuona magofu, na mimi nikachukuliwa kwa sababu nimesoma, kwa hiyo ilidhaniwa nitajua habari za makaburi. Wageni walipomfuata mwongozaji kwenda kuuzunguka mbuyu (inasemwa anayeuzunguka huongezewa umri, na sijawahi kuona mgeni anayekataa kujaribu), sisi wawili tulibaki kivulini, karibu na kuta za msikiti wa kale. Mjomba akavua kofia, akapangusa jasho.

"Wewe si ulisoma falsafa Mlimani?" akasema. "Basi nijibu. Mtu akitaka kuua, halafu akazuiwa na kidole chake mwenyewe, huyo ni muuaji au si muuaji?"

Nilicheka, nikidhani ni fumbo. Yeye hakucheka.

Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi Bagamoyo mjini, na ubavuni mwake dirisha la uwakala wa fedha za simu. Nyumba yake iko huku Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, mahali ambapo majirani bado ni wa kuhesabu na usiku ni giza kwelikweli. Miaka kadhaa iliyopita watu wanne waliingia kwake na mapanga, wakamfunga yeye na mkewe kwa kamba ya katani, wakaondoka na mauzo ya siku mbili. Mlinzi alikatwa, na mpaka leo hawezi kukunja ngumi ya mkono wa kushoto. Baada ya hapo mjomba akaomba kibali cha kumiliki bastola.

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, bastola hainunuliwi kwa kuwa na fedha tu. Maombi hupita mikononi mwa polisi, mwenendo wa mwombaji huchunguzwa, na inambidi athibitishe kwamba anajua kuishika. Mjomba aliulalamikia mlolongo ule kama wafanyabiashara wanavyolalamikia kila mlolongo, lakini mafunzo yenyewe aliyapenda. Nadhani aliyapenda kuliko alivyotarajia. Kwa muda wa miezi kadhaa kila nilipompigia simu nilisikia habari za kushika, kulenga na kupumua, nami nikaitikia kama mtu anavyoitikia habari za maradhi ya jirani.

Mwalimu wake alikuwa askari mstaafu mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza hakuna aliyepiga risasi. Walifundishwa mahali pa kuweka kidole cha shahada wakati hakina kazi: kimenyooka, kimelala ubavuni mwa bastola, juu ya ile pete ya chuma inayoizunguka triga. Ukiinua bastola, kidole kimenyooka. Ukiishusha, kimenyooka. Ukigeuka, ukitembea, ukifungua mlango kwa mkono mwingine, kimenyooka. Kinaingia ndani ya pete pale tu macho yameshaona na akili imeshaamua. Hiyo ni mojawapo ya kanuni nne ambazo Mmarekani Jeff Cooper, askari wa zamani wa Marine, alizipa umbo ambalo wapigaji wa bastola wa nchi nyingi hulijua: ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu, kidole kibaki nje ya triga mpaka umelenga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Wengi wetu tuliokwenda JKT kwa mujibu wa sheria tulipiga risasi chache za SMG siku moja, tukalala kifudifudi, afande akipiga kelele nyuma yetu, kisha tukaoga na kusahau. Kulenga bastola ni jambo jingine. SMG ina kitako kinachoegemea begani. Bastola inaning'inia mwisho wa mikono miwili. Mtutu wake ni mfupi, na ufupi huo haukusamehe kosa. Kama kati ya alama ya nyuma na alama ya mbele kuna sentimita 16, basi ukikosea milimita 1 tu hapo mbele ya uso wako, risasi itapotoka sentimita 6 na zaidi kwenye shabaha iliyo mita 10. Ndiyo maana karibu mafunzo yote ni ya kutuliza mwili: mikono ishike juu kabisa ya mpini, uzito uende mbele kidogo, kidole kibane triga kwa sehemu yake laini bila kuivuta upande.

Kuna mambo mawili katika mafunzo hayo ambayo yalinikaa kichwani.

La kwanza linahusu macho. Jicho la binadamu haliwezi kuona sawasawa vitu vitatu vilivyo kwenye umbali tofauti kwa wakati mmoja. Mpigaji ana alama ya nyuma, alama ya mbele na shabaha. Anafundishwa kuikazia macho alama ya mbele na kuiacha shabaha iwe na ukungu. Mjomba alinieleza hili kama mtu anavyoeleza namna ya kupiga msumari, nami nikamwomba arudie. Yaani ili umpige mtu vizuri, unapaswa kuacha kumwona vizuri? Akafikiri kidogo. "Kwanza unamwona," akasema. "Halafu unaacha kumwona."

La pili linahusu triga. Adui mkubwa wa mpigaji ni mwili wake unaojua kwamba mlio unakuja. Mara tu kabla ya mlio, mkono hujikunja, mtutu huinama, risasi huchimba chini. Mwalimu ana mbinu ya kulifichua hilo: anaweka risasi bandia kati ya risasi za kweli bila kukwambia. Unabonyeza, inalia "tk" tu, na kila aliyesimama pale anauona mkono wako ukiinama kwa mlio ambao haukuja. Mjomba alisema aliona haya kuliko siku aliyofungwa kamba. Dawa yake ni kubana triga polepole, mfululizo, bila kuchagua nukta ambayo itafyatuka, hadi mlio ukushangaze wewe mwenyewe. Mpigaji mzuri hushangazwa na risasi yake. Aliyeizoea dawa hiyo huibana haraka pia, lakini anaanza kujifunza hivyo.

Kwa hiyo kila jioni, kwa takriban mwaka mzima, mjomba alifunga mlango wa chumba, akaitoa magazini, akakagua mara mbili kwamba bastola ni tupu, akasimama mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Inua, lenga, bana, "tk". Shusha, kidole kimenyooka. Mara 50, kisha anakwenda kuswali isha.

Sasa usiku wenyewe.

Ilikuwa saa nane kasoro. Mbwa wa jirani alibweka mara mbili akanyamaza. Mjomba akasikia bati la uzio likisukumwa, kisha nyayo upande wa jikoni. Akamwambia mkewe alale chini, akachukua bastola, akatoka kwa mlango wa mbele azunguke nyumba. Tochi ilibaki mezani. Alipofika kona akaona mtu ameinama chini ya dirisha la jikoni, ameshika kitu kirefu.

"Nani?"

Kimya. Akauliza tena. Yule mtu akajibana ukutani.

"Hapo niliamua," mjomba aliniambia. "Sitaki kukudanganya, mwanangu. Sikusema ngoja nitazame. Nilisema moyoni, huyu nampiga. Nikainua mikono. Kidole kilikuwa pembeni, ikabidi kiingie. Kabla hakijaingia, nikaona ndala."

Zilikuwa ndala zake mwenyewe, za bluu, moja imefungwa kwa waya. Aliyezivaa bila kuomba ni mwanawe wa miaka 16, binamu yangu, ambaye alitoroka kwenda kibanda umiza kutazama mpira wa Ulaya. Ufito mkononi ulikuwa wa kusukumia komeo la dirisha. Na alinyamaza alipoulizwa kwa sababu aliitambua sauti ya baba yake.

Mjomba aliificha bastola nyuma ya mgongo, akasema, "Ingia ndani, kesho tutaongea." Kesho yake akamchapa kidogo, akagombezwa na mkewe kwa kumchapa, mambo yakaisha. Kijana anadhani baba yake alishika tochi.

Ndiyo maana ya swali. Nilipokuwa chuo tulifundishwa jibu lake la kawaida, na ni jibu zuri. Katika karne ya 13, Thomas wa Akwino aliandika kwamba tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili, moja linalokusudiwa na jingine lisilokusudiwa. Anayejitetea anakusudia kuokoa uhai wake. Kifo cha mshambuliaji kiko nje ya kusudio hilo, mradi asitumie nguvu kupita inavyohitajika. Wazo hilo la nguvu kwa kadiri limo pia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwenye vifungu vinavyohusu kujitetea.

Lakini jaribu kulipeleka jibu hilo kwenye kiwanja cha shabaha. Bastola haifundishwi kulengwa mguuni. Miguu ni myembamba, inakimbia, na risasi inayokosa inaendelea na safari yake hadi kwa jirani. Kwa hiyo kila mwalimu husema lenga katikati ya kifua. Mtu anayerudia mara 50 kila jioni kulenga mahali ulipo moyo wa mtu, anaweza kusema kwamba kifo cha mtu huyo kiko nje ya kusudio lake? Mwanafalsafa Mwingereza Elizabeth Anscombe, ambaye alikuwa Mkatoliki na aliiheshimu sana kanuni ya Thomas, aliwakemea waliodhani nia ni sentensi fulani ya ndani ambayo mtu anaweza kujisemea moyoni ili ajitakase. Kwake nia inasomeka katika kile unachokifanya na jinsi unavyokifanya. Karatasi ukutani kwa mjomba ina nia yake imechorwa juu yake kwa wino mweusi.

Sikumwambia habari za Thomas. Nilimkumbusha kitu ambacho yeye anakijua zaidi yangu, kwa sababu kilisomwa madrasa na misikitini pwani hii. Imam Nawawi, mtu wa karne ileile (alifariki mwaka 1277, miaka mitatu baada ya Thomas), ana sura katika kitabu chake Minhaj kuhusu mtu anayekuvamia. Anaijenga kama ngazi. Anayezuilika kwa maneno, au kwa kuita watu, ni haramu kumpiga. Anayezuilika kwa mkono, haramu kumpiga kiboko. Kwa kiboko, haramu fimbo. Kuua ni kipago cha mwisho kabisa. Na kama unaweza kukimbia ukasalimika, basi kimbia. Wanaakiolojia wanauweka mwanzo wa msikiti tuliokuwa tumeuegemea katika karne hiyohiyo. Napenda kufikiri kwamba baadaye kuna mtu aliyekaa humo ndani akaufundisha mlango huo kwa vijana waliokuwa wakitazama nje dirishani.

Nilichoona pale ni kwamba bastola imevunja vipago vya ngazi. Kuna sauti yako, na baada ya sauti kuna kifo. Katikati, pale palipokuwa na mkono, kiboko, fimbo, jeraha la mguu, hakuna kitu. Watu husema silaha humpa mnyonge nguvu, na ni kweli. Ila humpa nguvu ya aina moja tu, yote kwa mkupuo. Kwa hiyo swali la maadili kuhusu mafunzo ya bastola, naona, si kama ni halali kujifunza kulenga. Swali ni kama mafunzo hayo yanavirudisha vipago vilivyokatwa au yanamfanya mtu asione kwamba vimekatika. Kidole kilichonyooka ni kipago. "Nani?" ni kipago. Tochi iliyosahaulika mezani ilikuwa kipago.

Mjomba alinisikiliza, akasema, "Hujanijibu."

Kaole yenyewe ina kisa chake kuhusu ustadi. Mwezi Juni mwaka 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walishuka hapa wakitokea Zanzibar kuanza safari ya kutafuta maziwa ya bara. Wakati huo Kaole kilikuwa kituo cha askari wa Kibaluchi wa Sultani. Speke alikuwa afisa wa jeshi la India na mwindaji wa kupindukia, mtu aliyeishika bunduki karibu kila siku ya utu uzima wake. Mwaka uliofuata aliliona ziwa aliloliita Victoria. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kukutana na Burton kwenye mdahalo mjini Bath, alikwenda kuwinda ndege katika shamba la nduguye, akapanda ukuta mfupi wa mawe, na bunduki yake ikampiga yeye mwenyewe kifuani. Wapo waliosema alijiua. Uchunguzi rasmi ulisema ni ajali. Nikiamini ajali, naona mtu ambaye mikono yake ilijua kila kitu kuhusu kupiga, na dakika moja ikasahau mahali mtutu unapoelekea.

Kisa kingine ni cha karibu zaidi nasi. Usiku wa tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alisikia kishindo bafuni kwake. Alisema alidhani ni mwizi. Akapiga risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa, na nyuma ya mlango alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp, ambaye alifariki. Watu wengi wanakikumbuka kisa hicho kwa machozi ya mahakamani. Mimi nakikumbuka kwa karatasi ya mtihani. Kesini ilielezwa kwamba alipokuwa akiomba leseni ya silaha Pistorius alijibu maswali ya lini mtu anaruhusiwa kumpiga mvamizi na lini haruhusiwi, na alijibu vizuri. Alijua. Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mwezi Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Afrika Kusini ikabadilisha, ikasema ni mauaji ya kukusudia, kwa sababu aliyepiga risasi 4 kwenye kijumba kile kidogo alijua kuwa mtu yeyote aliyemo anaweza kufa, na haikubadilisha kitu kwamba hakujua ni nani.

Hukumu hiyo inamgusa mjomba pabaya. Kwa miezi kadhaa alikuwa akijiambia kwamba yeye hakutaka kumuua mwanawe, alitaka kumuua jambazi. Lakini aliyemlenga alikuwa kivuli kilichoinama, na kivuli hakina jina. Moyo wake ulisema "huyu". Hakuna kidole cha moyo kilichonyooka.

Ningeweza kuishia hapo na kusema bastola ni uovu, wapeni polisi, tufunge mada. Marafiki zangu wengi wa mjini husema hivyo, na wengi wao wanaishi kwenye maghorofa yenye mlinzi getini. Mimi siwezi, kwa sababu ya mkono wa kushoto wa mlinzi wa mjomba, na kwa sababu ya Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipovamia jengo hilo la maduka Nairobi, ambapo watu 67 waliuawa, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwamo raia wenye bastola za leseni. Mmoja wao, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, aliingia kwa sababu ndugu yake alikuwa amenasa ndani. Picha ya msichana mdogo akikimbia kuelekea alipokuwa Haji ilizunguka dunia. Mama yake alikuwa amejificha na watoto, na mtoto yule aliambiwa akimbie kwanza. Nikiitazama picha ile naona jinsi kazi kubwa ya siku ile ilivyokuwa kitu kingine kabisa kuliko kupiga: kuita, kungoja, kunyoosha mkono, kumtambua nani ni nani katikati ya moshi na kelele. Na kutambuana huko kulishindikana hata kwa wenye mafunzo makubwa. Iliripotiwa kwamba kamanda wa kikosi cha Recce cha polisi aliuawa kwa risasi za askari wa jeshi walioingia kumsaidia.

Nikiri na jambo langu. Mwaka jana, mjomba akiwepo, nilijaribu yale mazoezi ya jioni. Bastola tupu, magazini juu ya kabati, karatasi ukutani. Nilitarajia kuchukia. Mara ya kumi hivi alama ya mbele ilitulia katikati ya weusi, triga ikalia bila mimi kujua itakapolia, na mtutu haukutikisika, na nilijisikia raha safi ambayo sijawahi kuipata nikisoma Kant. Sikuwa nikifikiria mtu. Hilo ndilo lililoniogopesha baadaye, kitandani. Katika kila raha ya ustadi kuna kusahau. Fundi seremala anasahau mteja, na ni vizuri asahau. Hapa anayesahauliwa ni yule atakayekufa.

Basi pale Kaole, wageni wakiwa wanarudi wanapiga picha kaburi moja baada ya jingine, nilimjibu mjomba kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kidole kile hakikuwa cha mtu mwingine. Wewe ndiye uliyekifundisha, jioni baada ya jioni, wakati hakuna mtu mbele yako na hukuwa na hasira wala hofu. Usiku ule ulikuwa na nia mbili: moja ya sekunde ile, ambayo ilikuwa ya kuua, na nyingine uliyoiweka kidoleni mwaka mzima. Zote ni zako. Huwezi kudai ya kidole ukaikana ya moyo, na huwezi kujihukumu kwa ya moyo kana kwamba kidole kilitumwa na malaika. Nilijiona nimesema vizuri.

Mjomba alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa.

"Nisingekuwa nayo, nisingetoka nje."

Aliendelea polepole. Bila bastola angefunga mlango kwa ndani, angepiga kelele za mwizi, angempigia jirani simu. Kijana angesikia mama yake anapiga yowe na angesema, "Mama, ni mimi." Bastola ndiyo iliyomfungulia mlango, ikamzungusha nyumba, ikamfikisha mita sita kutoka kwa mwanawe. Kisha mafunzo ya bastola yakamwokoa kijana na hatari ambayo isingekuwapo. Kile kipago cha Nawawi cha kukimbia, au kwa mtu aliye kwake kubaki ndani, ndicho alichokiruka kwanza, na hakuna mwalimu aliyewahi kumfanyisha mazoezi ya kubaki chumbani.

"Kwa hiyo utairudisha polisi?" nikauliza.

"Na wale wanne wakirudi na mapanga?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Mwongozaji akatuita twende kwenye jumba dogo la makumbusho kuona mabakuli ya Kichina ambayo zamani yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Mjomba akavaa kofia yake, akainuka.

Hakuirudisha. Lakini mke wake aliniambia, bila kujua chanzo, kwamba mumewe siku hizi ana vituko: amefunga taa mbili za nje, tochi amening'iniza kwenye kitasa cha mlango, na jioni anafanya mazoezi ya ajabu ya kuketi kitandani gizani akisema "Nani?" kwa sauti kubwa, kisha anangoja. Anahesabu hadi kumi. Hapo bastola haijaguswa. Halafu anasema tena.

Tulilala kwao usiku ule na wageni wote. Ilipofika saa tatu, tukinywa chai, sauti ya binamu yangu ikasikika kuanzia kule kwenye mwembe, mbali kabisa na nyumba. "Hodi! Ni mimi! Ni mimi jamani, Mtanzania halali, nina kadi ya NIDA!" Wageni wakacheka. Ni sheria mpya ya baba, mke wa mjomba akaeleza: yeyote anayerudi baada ya isha aanze kujitaja kwenye mwembe, hata kama ni wa humuhumu. Kijana ameigeuza mchezo. Kila siku anaongeza cheo.

"Karibu," mjomba akajibu, kabla hajamaliza.